Kutoka Magdeburg Hadi Kwenye Dohani Yangu

Kutoka Magdeburg hadi kwetu Ruda, nje kidogo ya Katowice, kwa gari ni kutwa nzima na maumivu ya kiuno juu yake. Kwa ndege ya chuma sijui, sijapanda. Wanasema kahawa haijapoa umeshafika. Kwa njiwa ni kilomita mia tano arobaini na nne na mita mia mbili na kumi, kuanzia pale lori linapowafungulia mpaka kwenye kizingiti cha banda langu. Hizo mita mia mbili na kumi msizidharau. Mtaani kwetu kuna wanaume wawili hawasalimiani mwaka wa sita huu, kisa mita arobaini.

Marehemu bwana wangu, Rajnold, alichimba makaa miaka thelathini, na kila akitoka chini ya ardhi kitu cha kwanza ni kutazama angani. Mimi nilidhani anamshukuru Mungu. Kumbe anatafuta njiwa. Alipokufa aliniachia madume kumi na wanne, majike yao, koti lake la kazini, na nafasi yake katika chama cha wafuga njiwa, ambamo wanachama thelathini na wanane wana ndevu na mmoja ni mimi. Nami ninazo chache, lakini nazing'oa.

Mwezi wa tatu niliteleza kwenye ngazi ya banda nikavunjika mkono. Mwanangu Achim, anayeishi Opole na mkewe Iwona, akaja mbio. Akatazama ngazi, akatazama plasta.

"Mama, basi. Hawa ndege watakuua."

"Baba yako walishindwa kumuua miaka arobaini."

"Baba aliuawa na vumbi la mgodi."

"Umeona? Si njiwa."

Hakucheka. Achim akiogopa huwa mkali. Tena alishapata mtu wa kuwapa: daktari wa meno ambaye Iwona anamfanyia kazi, bwana mmoja aitwaye Sulik, aliyejenga banda jipya nyuma ya nyumba yake na kununua kitabu. Banda analo, kitabu anacho, njiwa hana. Tutampa bure, akasema Achim, alimradi wewe usipande tena ile ngazi.

Siku ya Pasaka, mezani, baada ya bilauri mbili za ile pombe yetu ya mayai, nikaropoka mbele ya ukoo mzima.

"Mashindano ya Magdeburg, mwezi wa sita. Njiwa wangu akiingia kumi bora, wote wanabaki, na hutanitajia ngazi mpaka nife. Asipoingia, njoo na makapu."

"Kumi bora kati ya wangapi?"

"Mia sita."

Achim akanyoosha mkono haraka, kama mtu anayeogopa duka litafungwa. Tukashikana. Kesho yake kichwa kilipotulia nikakumbuka nilichosema, na tangu siku ile kila tonge lilikuwa linanikaa hapa, kifuani.

Tegemeo langu lilikuwa dume mmoja, wa mwisho aliyeanguliwa mikononi mwa Rajnold. Nilimwita Padri, kwa sababu anatembea kifua mbele na kuwatazama wanawake kwa pembeni. Msimwambie paroko wetu; kila Januari anakuja kuibariki nyumba yangu, na huwa anabaki kula.

Sisi hurusha kwa njia tunayoiita ujane. Wiki nzima dume anakaa peke yake. Ijumaa, kabla ya kutiwa kapuni, anaonyeshwa jike wake dakika tano. Dakika tano tu, wala hawaachwi wafanye lolote. Kisha kapuni, kwenye lori, safari Ujerumani. Jumapili akifunguliwa, anajua kitu kimoja tu duniani. Rajnold alipokuwa hai nilikuwa nikimwambia huu ni ukatili. Sasa mimi mwenyewe niko kwenye ujane mwaka wa nne, na nasema njia hii ina nguvu kweli, ila mimi hakuna anayenifungulia lori.

Jumapili ile, saa moja asubuhi, jirani yangu Ewald alinipigia kelele juu ya uzio. Ewald naye ni mchimbaji mstaafu na mfuga njiwa. Mapafu yake ni nusu, ulimi wake mzima.

"Elfryda! Wamefunguliwa! Saa kumi na mbili na robo!"

"Upepo?"

"Hakuna hata wa kuzima mshumaa. Lakini Görlitz, njiani, kuna mawingu, wamesema kwenye simu. Yameshuka mpaka yanagusa misonobari."

"Unanitia hofu makusudi."

"Nakutia hofu bure, wala sikutozi. Na hilo gauni unakwenda nalo wapi?"

"Kanisani, mpagani wewe."

Lilikuwa gauni jipya, jeupe, lenye maua mekundu makubwa kama sahani. Iwona ndiye aliyeninunulia.

"Angalia nyuki wasikufuate hadi altareni," akasema Ewald.

Kanisani sikusikia hata neno. Nyuma ya karatasi ya nyimbo nilifanya hesabu ya kugawanya, ile ndefu, kama tulivyofundishwa darasa la nne. Njiwa mzuri, pasipo upepo, huenda mita elfu moja mia moja na hamsini kwa dakika. Gawanya. Saa saba na dakika hamsini na tatu. Maana yake atafika saa nane na dakika nane mchana. Vipi akiyazunguka yale mawingu? Nikagawanya tena: saa nane na nusu, na kumi bora wameshapita. Vipi akikutana na kipanga? Hapo hakuna cha kugawanya. Watu wakapiga magoti, nami nikapiga, penseli mkononi.

Niliporudi nyumbani, Achim na Iwona walikuwa wameshafika, pamoja na huyo daktari Sulik. Bwana mwembamba, mpole, suti nyeupe, na kitabu chini ya kwapa. Nyuma ya gari yao nikaona makapu. Makapu matupu, yamepangwa vizuri, yamefungwa kamba.

"Mama, tumekuja na makapu kama ulivyosema," akasema Achim, macho chini.

"Makapu ni mazuri. Utabebea kabichi."

Meza ilikuwa imeandikwa uani, chini ya dirisha: mchuzi wa kuku na tambi, mabonge ya viazi yenye shimo katikati, nyama ya kukunja, kabichi nyekundu. Nikapita moja kwa moja hadi kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, kuchukua koti la Rajnold. Msumari ulikuwepo. Koti halikuwepo.

"Iwona, mwanangu. Koti liko wapi?"

"Nimeliloweka, mama." Iwona ni msafi, huyu hufua hata sabuni. "Lilikuwa linanuka, na tuna mgeni. Liko kwenye beseni la kufulia, nimetia na maji ya mrujuani linukie."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Niwaambieni kitu ambacho daktari Sulik hakukisoma kwenye kitabu chake. Njiwa hamjui mtu kwa sura. Anamjua kwa nguo. Kila siku, asubuhi na jioni, miaka yote minne, nimewalisha nikiwa ndani ya koti lile la kijivu, kwa sababu Rajnold aliwalisha nalo na mimi nilijificha humo humo ili wasijue kwamba amekufa. Wenzangu wote wana koti lao moja au kofia yao moja, na wake zao wanajua kwamba kulifua ni mwezi wa kumi na moja, mashindano yakiisha. Mkwe wangu alikulia kwenye ghorofa. Nani angemwambia?

"Nitavaa jingine la kijivu," nikasema. Sikuwa nalo. Nina jeusi la mazishi, na hilo lilikuwa limebana tangu mazishi.

Tukala. Yaani, wao walikula. Mimi nilihesabu. Saa sita na nusu: kama yuko hai, amepita Wrocław. Saa saba: Opole, juu ya nyumba ya huyo huyo daktari. Saa ya chama ilikuwa kwenye kiti kando yangu, sanduku la mbao lenye tundu juu. Mguuni kwa Padri kulikuwa na kipete cha mpira, walichomvisha Ijumaa. Njiwa kufika angani kwako si kufika. Ni lazima aingie bandani, umkamate, umvue kile kipete, ukitumbukize kwenye tundu na kuzungusha ufunguo. Ndipo amefika.

"Na wakichelewa sana?" daktari akauliza, kwa adabu.

"Daktari, wewe unang'oa jino hivyo? Unamuuliza mtu, na lisipotoka?"

Iwona akanitazama vibaya. Achim nilimwona akitazama angani, kisha akijikamata na kuirudia sahani yake.

Saa nane na dakika mbili, kopo la mahindi likatikiswa upande wa pili wa uzio. Ka-ka-ka-ka. Wa Ewald amefika. Nikasikia mlango wa banda lake, nikasikia ufunguo ukizungushwa. Kisha kikohozi, halafu Ewald akasema polepole, "Yule wa bluu. Mungu wangu. Amekuja peke yake."

Saa nane na dakika tatu. Nne. Juu hakuna kitu, ila weupe.

Saa nane na dakika tano akaja. Sikumwona akitokea, alikuwa tu yupo, ameyakunja mabawa, anaanguka kama jiwe moja kwa moja kuelekea kizingiti. Nikasimama. Hilo ndilo kosa nililofanya, kusimama. Gauni likafunguka kama bustani. Padri akapiga breki hewani, akageuka, akapanda, akatua juu ya dohani ya nyumba yangu.

"Ndiye huyo?" daktari Sulik akanyanyuka na suti yake nyeupe, akimwonyesha kwa kitabu.

"Chini!" nikasema. "Chini ya meza, wote!"

"Mama, mgeni ana suti ya…"

"Chini, Iwona, au nitamng'ata mtu!"

Wakaingia. Daktari wa meno, mkwe wangu, mwanangu mwenye kitambi, wote chini ya meza ya Jumapili kama kuku wanaokimbia mvua. Mimi nikajibana nyuma ya ghala la makaa. Nikachungulia. Padri alikuwa anatembea ukingoni mwa dohani, kifua mbele, hatua tatu kulia, hatua tatu kushoto. Kilomita mia tano arobaini na nne amezimaliza. Zimebaki mita kumi na mbili.

Nikatikisa kopo. Akasimama, akainamisha kichwa. Nikapiga mluzi ule wa Rajnold. Akatazama gauni kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akarudi nyuma ya dohani.

"Mama," Achim akanong'ona toka chini ya meza, "ni dakika ya ngapi?"

"Ya tatu. Nyamaza."

"Kwa nini haingii?"

"Anaona mwanamke asiyemjua. Ana maadili kuliko wewe ulivyokuwa."

Ewald alikuwa ametoa kichwa juu ya uzio, mdomo wazi. Angeweza kwenda kukaa akafurahie yule wake wa bluu. Hakuenda. "Vua gauni!" akanong'ona.

"Ungependa!"

"Elfryda, kwa jina la Mtakatifu Barbara, sitazami! Nimefumba! Vua!"

Dakika ya nne. Bandani jike wake, Lusia, akaanza kumwita, sauti ile ya tumboni. Padri akasogea. Akanyoosha shingo. Akarudi. Dakika ya tano. Mahali fulani mbali nikasikia kopo jingine linatikiswa, kisha la mtaa wa pili, kisha mawili kwa pamoja. Wanaingia. Wa wenzangu wote wanaingia.

Hapo ndipo nilipokumbuka beseni. Nikatambaa, na goti langu hili, hadi kwenye chumba cha kufulia, nikalivuta koti la Rajnold kutoka majini na kulivaa vivyo hivyo. Lilikuwa zito kama ndama. Maji yakaniingia kifuani, mgongoni, kwenye viatu. Nilinukia mrujuani kama bibi harusi. Nikatoka uani nikitiririka, nikatembea kama nitembeavyo kila asubuhi, bila haraka, bila kutazama juu. Kutotazama juu ndiko kulikonimaliza.

Ngazi nikaipanda. Nilisikia Achim akivuta pumzi chini ya meza.

Kivuli kikanipita. Mabawa yakapiga kizingiti. Akaingia, moja kwa moja kwa Lusia wake, nami nikamkamata, nikamvua kipete, na kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa kikaniponyoka, kikaanguka kwenye majani makavu.

"Achim!"

Sijui alitokaje chini ya meza. Nilimwona tu amepiga magoti bandani, suruali ya kanisani kwenye mavi ya njiwa, anapapasa. Akakipata. Akashuka na kukimbia nacho hadi kwenye saa, akakitumbukiza, akazungusha. Klak.

Saa nane, dakika kumi na mbili, sekunde arobaini.

Jioni, jua likiwa bado juu, saa zote zikafunguliwa kwenye chumba cha chama. Pale hapana kelele. Wazee thelathini na wanane wanaandika. Mita zako gawanya kwa dakika zako. Mimi nilitoka na mita elfu moja mia moja thelathini na tisa na nukta tatu kwa dakika. Katibu akasoma majina kuanzia juu. Ewald wa kwanza. Wa pili, wa tatu. Achim alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, amekishika kwa nguvu mpaka kinalia. Wa nane. Wa tisa. Wa kumi, bwana mmoja wa upande wa Bytom, elfu moja mia moja thelathini na tisa na nukta tisa.

Mimi wa kumi na moja. Sekunde kumi na tano. Bila ile dohani ningekuwa wa pili.

"Hesabuni tena," akasema Achim.

Wakahesabu tena. Akawaambia wahesabu mara ya tatu, akanyang'anya penseli, akahesabu mwenyewe, jasho likimdondokea kwenye karatasi. Ikawa ileile.

Nje Iwona alikuwa analia. "Mama, mimi ndiye. Koti. Ni mimi."

"Nyamaza, mwanangu. Halijawahi kuwa safi vile tangu lishonwe."

"Mama," Achim akasema, "sekunde kumi na tano si kitu. Tunaweza…"

"Nilisema mbele ya ukoo. Lete makapu."

Msidhani nilikuwa nafanya ushujaa. Niliwashika mmoja mmoja, kumi na wanne, kisha majike, nikawatia kapuni, na kila mmoja alikuwa na joto lake. Padri nilimtia wa mwisho. Daktari Sulik alisimama kando na suti yake yenye kabichi nyekundu magotini, amejawa na huruma, akafungua kitabu.

"Bibi Elfryda, niwafungie ndani muda gani kabla ya kuwaachia waruke? Kitabu hakielezi vizuri."

Ewald, aliyekuwa ameegemea uzio, akaacha kukohoa.

Kinda unaweza kulihamisha, litazoea. Lakini njiwa mzima aliyewahi kurudi nyumbani kutoka Magdeburg, huyo hata ukimfungia miaka mitano, siku utakayofungua mlango ameondoka. Ndiyo maana wanaojua, wakinunua mzima, humfuga ndani maisha yake yote. Mimi najua. Ewald anajua.

"Wiki mbili zinatosha, bwana daktari," nikamwambia, na uso wangu ulikuwa kama wa bikira kwenye dirisha la kanisa.

Ewald akaanza kukohoa upya, akaingia ndani kwake.

Wiki mbili hizo sikulala vizuri. Vipi kama atamuuliza mtu anayejua? Vipi kama Iwona atasikia kazini? Na hata akiwaachia: kati ya Opole na kwangu kuna Mlima wa Mtakatifu Anna, na mlimani kuna kipanga ambaye Rajnold alimlaani kwa jina. Kila asubuhi nilifagia banda tupu. Maji nilibadilisha. Nikasema ni mazoea tu.

Jumapili ya pili Achim alikuja peke yake, akaniletea chuma cha kushikia ngazini, eti kama nitataka kupanda kufagia. Alikuwa anakifunga kwa skrubu, hajaniangalia, ndipo simu ikalia. Alikuwa daktari Sulik, sauti juu.

"Bibi Elfryda! Nimewafungulia, wote, madume na majike! Wamezunguka mara mbili juu ya nyumba, wakapotea! Watarudi kula?"

"Umewafungulia saa ngapi hasa, bwana daktari?"

"Saa nne kasoro dakika tano. Kwa nini?"

"Na upepo?"

"Upepo? Sijui… majani yametulia. Bibi Elfryda, kwani upepo una nini?"

Nikamwambia asihangaike, awashe jiko, ale chakula chake. Nikaweka simu. Saa ya ukutani ilisema saa nne kamili. Nikaiwahi penseli kwa haraka mno. Iliviringika mezani ikaanguka. Kilomita sabini na tisa. Mlima wa Mtakatifu Anna katikati.

Achim alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Nani huyo?"

"Daktari wako."

Nilingoja anikaripie, nilikuwa tayari. Yeye akaiokota penseli, akavuta gazeti, akaandika pembeni, midomo ikichezacheza kama ya baba yake. Akahesabu, akakata, akahesabu tena. Kisha akatoka uani, akaketi kwenye benchi akitazama magharibi, kiganja juu ya macho.

"Kaa chini, mama," akasema. "Na usivae maua. Bado dakika sitini na mbili."